Kumngoja Bwana Olmotonyi

Msindano unaopandwa leo juu ya Ngaramtoni, kwenye mteremko wa Mlima Meru, hautapasuliwa mbao kabla ya miaka kama 25. Anayeupanda anaijua hesabu hiyo. Na kama ni Mkristo, kama walivyo wengi wa majirani zake, Jumapili husimama kanisani na kukiri kwa sauti kwamba Yesu Kristo atarudi kuwahukumu walio hai na waliokufa, na kwamba hakuna aijuaye siku. Huenda ni kesho. Jumatatu asubuhi mtu huyohuyo anachukua jembe anapanda mti wa miaka 25. Imani hizo mbili zinakaa ndani ya kifua kimoja bila kusukumana, na mwenyewe haoni la ajabu. La ajabu naliona mimi, kwa sababu zipo sehemu za Afrika Mashariki yetu hii ambako zilisukumana, na watu wakafa.

Olmotonyi ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili. Kijiji kinajulikana kwa Chuo cha Misitu, ambacho kimekuwa kikifundisha mabwana na mabibi misitu tangu enzi za Waingereza, na kwa msitu wa mafunzo wa Chuo Kikuu cha Sokoine, ulioanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1970, ambako wanafunzi kutoka Morogoro huja kushika shoka na utepe wa kupimia. Hapa muda unahesabiwa kwa miti. Ukiuliza kitu kilitokea lini, hukawii kuambiwa ni wakati ule tulipovuna kitalu fulani, au kabla misindano ya pale juu haijapogolewa.

Kazi yenyewe ni ya watu wasio na haraka. Mbegu huatikwa, mche ukitoa vijani vya kwanza unahamishiwa kwenye kiriba. Udongo wa kiriba una siri yake: lazima uchanganywe na udongo uliochotwa chini ya misindano ya zamani, kwa kuwa kuna kuvu waishio kwenye mizizi ya mti huo, na mche unaokosa kuvu hao hudumaa na kuwa wa manjano hata ukiumwagilia kutwa. Mvua za masika zikishika, mashimo yanachimbwa. Ukipanda kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, hekta moja inachukua miche 1,111. Miaka ya mwanzo wanakijiji hupewa vipande walime maharage na viazi katikati ya mistari; wao wanavuna chakula, miche inapaliliwa bure. Miti ikifunga kivuli, kilimo kinakoma. Inafuata kupogolea matawi ya chini, kisha kupunguzia, kisha kungoja. Mpandaji wa umri wa miaka 50 anajua kwa hakika kabisa kwamba mbao zile zitaezeka nyumba ya mtu mwingine.

Nilimuuliza mzee mmoja aliyestaafu kazi ya kitaluni, ambaye pia ni mzee wa kanisa katika mtaa wake wa Kilutheri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee, na Bwana akirudi msitu huu haujavunwa?"

Aliniangalia kama anayeulizwa jambo la kitoto. "Atakuta umepaliliwa," akasema, akaendelea kukwangua udongo kwenye jembe.

Wahubiri wa Kilutheri, wakifika hapo, hupenda kumtaja Martin Luther. Inasemekana alisema kwamba hata angejua dunia inakwisha kesho, leo angepanda mtofaa wake. Maneno haya yameandikwa kwenye kalenda, yamehubiriwa kwenye harusi, na nadhani yamewahi kusemwa kwenye kila siku ya kupanda miti iliyohudhuriwa na mchungaji. Bahati mbaya Luther hayumo. Wataalamu wamepekua maandishi yake yote, nayo ni mengi mno, hawakuyakuta. Mahali pa zamani zaidi yalipoonekana ni barua ya mchungaji mmoja wa Hesse, Ujerumani, ya Oktoba 1944, wakati miji ya nchi hiyo inapigwa mabomu na Wakristo waliompinga Hitler wakitafuta neno la kushika. Kwa maoni yangu asili hiyo inayapa maneno uzito zaidi. Yalizaliwa au yalienezwa na watu ambao mwisho wa dunia yao ulikuwa unaruka juu ya vichwa vyao kila usiku.

Majirani zetu Waislamu, ambao nao wanangoja kurudi kwa Nabii Isa, wana neno la namna hiyo lenye umri mkubwa zaidi. Katika mapokeo ya Anas bin Malik, yaliyokusanywa kwenye Musnad ya Imam Ahmad katika karne ya 9, Mtume Muhammad anaagiza kwamba Kiyama kikimkuta mmoja wenu na mche wa mtende mkononi, naye akaweza kuupanda, basi aupande. Msikitini Ngaramtoni na kanisani Olmotonyi, kwa jambo hili, wangeelewana bila mkalimani.

Luther wa kweli alikuwa mtu wa kuingoja siku hiyo kwa hamu kubwa. Aliona nyakati zake ndizo za mwisho, akaiita siku ile kwa jina la upendo. Lakini alichukia kuhesabiwa tarehe, na hesabu moja iliyomchoma ilitoka kwa watu wake mwenyewe. Rafiki yake Michael Stifel, mchungaji wa Lochau, alikuwa na akili ya namba. Aligeuza herufi za Biblia kuwa tarakimu, akajumlisha, akatangaza kwamba Kristo angerudi tarehe 19 Oktoba 1533, saa mbili asubuhi. Luther alimsihi aache. Waumini walimsikiliza mchungaji wao. Kazi zilisimama, akiba zikaliwa. Saa mbili ikafika, ikapita, na kilichokuja ni askari kumkamata mchungaji. Aliondolewa kwenye usharika ule, baadaye akapewa mwingine kwa ahadi ya kutulia. Kinachonifurahisha ni kwamba mwaka 1544 mtu huyohuyo alichapisha kitabu cha hisabati kilichoheshimika Ulaya nzima. Namba hazikuwa na kosa lolote; alizituma kazi isiyo yao.

Wakati huo Walutheri walikuwa wameshaweka msimamo wao kwenye Ungamo la Augsburg la mwaka 1530: Kristo atarudi, wafu watafufuliwa, kutakuwa na hukumu; na wanaofundisha kwamba kabla ya hapo watakatifu watashika dola ya dunia wamepotoka. Hiyo ndiyo imani iliyopandishwa Mlima Meru na wamisionari wa Leipzig. Imani yenye kungoja lakini isiyo na kalenda.

Kalenda ililetwa na wengine. Mwaka 1844 mkulima wa Marekani, William Miller, pamoja na wafuasi wake, walimngoja Bwana tarehe 22 Oktoba. Wapo walioacha viazi shambani bila kuvuna, kwa kuwa kuvichimba kungekuwa ni kukosa imani. Kulipopambazuka walilia. Wengi walirudi makwao kimya, na wachache waliobaki walianza kusoma upya. Kutoka kwao wakatoka Waadventista Wasabato, na tangu wakati huo kanisa hilo limekataa kutaja tarehe nyingine, ingawa jina lake lenyewe linatangaza ujio. Mwaka 1903 wamisionari wao Wajerumani walifika Upare, wakaanza kazi milimani, na leo mtu akisema "Msabato" hakuna Mtanzania anayehitaji maelezo.

Ukitoka Arusha kwa barabara ya Moshi ukafika Usa River, utayakuta mambo mawili jirani jirani. Upande mmoja kuna Makumira, ambako Walutheri wamefundisha wachungaji tangu 1954. Si mbali na hapo kuna Chuo Kikuu cha Arusha, cha Wasabato, watu ambao wanaamkiana kwa kukumbushana kwamba Bwana yu karibu. Chuo kikuu! Kina kozi za miaka mitatu, mipango ya maendeleo, majengo ya kuongezwa fedha zikipatikana. Nimewahi kusikia watu wakiwakejeli kwa hilo: kama anakuja kesho, mbona mnamwaga zege? Kejeli hiyo haina akili. Wasabato walijifunza mwaka 1844, kwa machozi, kile ambacho mzee wa kitaluni anakijua bila kufundishwa. Shule na hospitali walizojenga ndiyo tafsiri yao ya neno "karibu", na nikiwa Mlutheri nakiri kwamba wameitafsiri kwa bidii kuliko sisi.

Walokole wana jambo lingine tena, nalo ni unyakuo. Kwa mafundisho hayo Yesu atakuja kwanza kimyakimya, awachukue walio wake hewani, na dunia iachwe kwenye dhiki kuu, mpinga Kristo na chapa ya mnyama. Watu wengi mjini Arusha hudhani Wakristo wamefundishana hivyo tangu Mitume. Kwa mpangilio huo wa hatua kwa hatua, fundisho hilo lina umri usiofika miaka 200. Lilitungwa na John Nelson Darby na wenzake huko Uingereza na Ireland katika miaka ya 1830, likaenezwa na Biblia ya Scofield ya 1909, kisha likapanda meli na wamisionari. Sisemi hivyo ili kulidharau. Mstari wa Paulo kwa Wathesalonike kuhusu kukutana na Bwana mawinguni upo. Ninachosema ni kwamba fundisho changa limejifanya la kale, na limewatisha watoto.

Waulize waliokulia nyumba za walokole, iwe Sakina, Kijenge au Ngaramtoni. Karibu kila mmoja ana siku yake. Mtoto anarudi kutoka shule, mlango uko wazi, redio inaimba, sufuria iko jikoni na jiko bado lina moto, na nyumba haina mtu. Anaita mama, kimya. Anakimbilia chumbani, kuna kanga kitandani. Magoti yanalegea: wamenyakuliwa, nimeachwa. Anaanza kutubu kila kitu, hadi sukari aliyolamba juzi. Anatoka nje kuangalia kama jirani, yule mama wa ibada za usiku, yupo. Akimkuta anachambua mchele moyo unashuka kidogo. Ndipo mama anaingia na beseni la unga kichwani kutoka mashineni, anashangaa kukumbatiwa. Wakubwa husimulia haya wakicheka hadi machozi. Nikiwasikiliza najiuliza kama mtoto huyo alifundishwa kumpenda anayekuja au kumwogopa.

Dalili hazikosekani. Julai 2007 ardhi ya Arusha ilitikisika siku baada ya siku. Watu walitoka maofisini mbio, wengine walilala nje. Volkano ya Lengai ilikuwa inajiandaa, na miezi michache baadaye ikarusha majivu. Jumapili zile kila mimbari ilifungua Mathayo 24. Mwaka 2021 ilikuwa zamu ya chanjo ya korona kuitwa chapa ya mnyama, kama vitambulisho na mistari ya bei dukani vilivyowahi kuitwa. Siwalaumu waliotetemeka ardhi ilipotetemeka. Nakumbusha tu kwamba Lengai imekuwa ikifanya kazi hiyo tangu kabla Mathayo hajashika kalamu, na wafugaji wanaoishi chini yake, wanaouita Mlima wa Mungu, hawajawahi kuitumia kutangaza tarehe.

Isitoshe, watu wa Mlima Meru na majirani zao walishauona mwisho wa dunia. Kati ya mwisho wa miaka ya 1880 na katikati ya miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe wa Wamaasai karibu wote, ndui ikaua watu, ukame ukamaliza waliobaki. Wamaasai wameuita wakati huo Emutai, yaani maangamizi. Waarusha, ndugu zao kwa lugha lakini wakulima wa migomba na mahindi, waliwapokea wakimbizi wengi. Kabla ya kupumua, wakaja Wajerumani. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walipiga kambi Akeri, Meru. Askari wa Kijerumani walikuwa karibu, na mashujaa wa Kiarusha na Kimeru hawakuona tofauti kati ya mzungu wa msalaba na mzungu wa bunduki. Usiku wa kuamkia tarehe 20 waliwaua wote wawili. Kisasi kilikuwa kikubwa kupita kiasi: jeshi la Kapteni Johannes pamoja na wasaidizi wa Kichaga walichoma maboma, wakakata migomba, wakaswaga maelfu ya ng'ombe. Karibu na mwaka 1900 walionusurika walifanyishwa kazi ya shuruti kujenga boma la Arusha, lile ambalo leo ni makumbusho na watalii hupigia picha.

(Stifel, Miller, Akeri: zote Oktoba. Mtu wa hesabu za unabii angetengeneza kitu hapo. Tumwombe apumzike.)

Wamisionari walirudi, Nkoaranga mwaka 1902, Ilboru mwaka 1904. Walihubiri kwamba dunia itakwisha, mbele ya watu ambao dunia yao ilikuwa imekwisha miaka michache nyuma, na ambao walikuwa wameshaanza kupanda migomba upya. Na pamoja na Agano Jipya wamisionari wale walileta miche ya kahawa. Mbuni hauzai kabla ya mwaka wa tatu au wa nne. Kwa hiyo hata ujumbe wa kwanza wa kurudi kwa Yesu, hapa mlimani, ulifika ukiwa na miche pembeni.

Kuna badiliko lingine ambalo fundisho hili lilileta, na halisemwi. Lilileta makaburi. Kwa desturi ya zamani ya Wamaasai, maiti ya mtu wa kawaida ilipelekwa nje ya boma ikaachiwa fisi. Aliyezikwa alikuwa mzee mwenye baraka au laiboni. Hakukuwa na ukatili ndani yake, maana mtu akishakufa amekwisha, na kilichobaki chake ni watoto na mifugo. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu waliohubiri kwa Wamaasai wa Loliondo katika miaka ya 1960 walilielewa hili. Kanuni ya imani ya Kimaasai, ambayo Padre Vincent Donovan aliichapisha mwaka 1978, inataja wazi kwamba Yesu alilazwa kaburini na fisi hawakumgusa, na kuelekea mwisho inasema kwamba tunamngoja. Kwa msikilizaji wa Loliondo jambo la fisi lilikuwa habari yenyewe: kuna mwili ambao haukuachwa, kwa hiyo miili yetu nayo haitaachwa.

Basi hapa mlimani nako watu wakaanza kuzika kila mtu, na hata mtoto mchanga akapata msalaba wake. Wakazika nyumbani, kando ya migomba, kwa sababu ndipo penye nafasi na ndipo moyo ulipo. Pita leo njia za Olmotonyi, Kiranyi, Ilboru, utaona makaburi ya saruji na vigae mbele ya nyumba, mengine yamezungushiwa uzio mzuri kuliko wa nyumba yenyewe. Na sote tunajua kinachofuata: shamba lenye kaburi la baba haliuzwi kirahisi. Ndugu watakataa, mnunuzi atasita, kesi ya ardhi ikifika baraza la kata, kaburi litatajwa kama ushahidi kwamba ukoo huu umekaa hapa. Ardhi ya Meru ni ndogo na watu ni wengi. Kila jirani mlimani anajua kisa cha ugomvi wa mpaka uliotenganisha ndugu. Fundisho ambalo ungelitazamia liwafanye watu kuidharau ardhi, kwa kuwa wanakwenda mawinguni, limewafunga kwenye ardhi kwa mnyororo wa vigae. Wanamngoja Bwana wakiwa wamekaa karibu na wafu wao, na hawana mpango wa kuhama kabla hajafika.

Sasa tazama yalivyokuwa ambako watu waliambiwa wauze.

Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda. Joseph Kibwetere, Credonia Mwerinde na padre Dominic Kataribabo waliongoza kundi la kurejesha Amri Kumi za Mungu, wakafundisha kwamba mwisho ungefika tarehe 31 Desemba 1999. Wafuasi waliuza mashamba, ng'ombe, hata nguo, wakakabidhi fedha kwa viongozi. Januari ikafika kama Januari nyingine zote. Watu wakaanza kuuliza habari za mali zao. Tarehe 17 Machi 2000 mamia walifungiwa ndani ya kanisa lao, madirisha yakiwa yamepigiliwa misumari, wakateketea. Baadaye maiti nyingine zikafukuliwa kwenye nyumba za kundi hilo. Viongozi hawajawahi kufikishwa mahakamani.

Shakahola, Kilifi, nchini Kenya. Huo ni msitu, kama Olmotonyi ilivyo na msitu. Mhubiri Paul Mackenzie alilifunga kanisa lake Malindi mwaka 2019, na wafuasi wake wakahamia msituni. Wapo walioacha kazi nzuri, wapo waliouza kila kitu. Watoto waliondolewa shule. Kwa mujibu wa waendesha mashtaka, waliaminishwa kwamba kufunga hadi kufa ndiyo njia ya kukutana na Yesu. Polisi walianza kufukua makaburi Aprili 2023, na maiti zikapita 400, nyingi za watoto. Wengi walikufa kwa njaa, na uchunguzi uligundua wengine walinyongwa au kuzibwa pumzi. Mackenzie ameyakana mashtaka.

Tukio la Shakahola lilipotangazwa nilisikia wengi hapa wakisema, "Wale si Wakristo." Ni jibu jepesi. Maneno waliyoyasikia mle msituni, siku za mwisho, parapanda, mawingu, kuacha ya dunia, ndiyo tunayoyasikia sote kwenye mikesha, na ndiyo zinayoyaimba kwaya zetu kwa kinanda. Tofauti ilikuwa moja na inapimika: walitolewa mikononi jembe, kalamu na hati ya shamba. Mwanzoni hakuna aliyeambiwa afe. Waliambiwa waache kazi, waache shule, wauze. Mtu akishafika hapo hana pa kurudi, na aliyemfikisha hapo anaweza kumwambia lolote.

Paulo aliliona hilo mapema. Barua zake kwa Wathesalonike ni kati ya maandishi ya kwanza kabisa ya Agano Jipya, kama miaka 20 tu baada ya kusulubiwa kwa Yesu. Katika ya kwanza anawafariji waliofiwa kwamba wafu wao hawatakosa siku ile. Katika ya pili anakuta wapo ambao, kwa kusikia kwamba siku imeshafika, wameacha kazi na wanajishughulisha na mambo ya wengine. Haishii kwenye somo la nyakati. Anawaambia warudi kazini, na asiyetaka kazi asile. Ukali ule ulinishangaza nilipousoma kijana. Baada ya Shakahola hauwezi kunishangaza tena.

Ndiyo maana nina neno na viongozi wetu. Mwaka wa kanisa unaisha Novemba, na masomo ya Jumapili za mwisho ni ya hukumu, kuja kwa Bwana na mbingu mpya. Kisha yanaingia Majilio, ambayo humngoja wa horini na wa mawinguni kwa pamoja. Kwetu ni majira ya vuli. Watu wamepanda maharage, barabara za Olmotonyi zina tope, na kanisani hotuba nyingi za wakati huo ni za mavuno, bajeti ya usharika na harambee ya kumalizia paa. Masomo ya mwisho wa nyakati yanasomwa madhabahuni kisha yanarukwa mimbarini. Wachungaji waliosoma Makumira wanaona haya kuyahubiri, wasije wakafananishwa na wale wa spika. Matokeo yake, msichana wa Kipaimara mwenye swali la kweli kuhusu kurudi kwa Yesu anapata jibu lake standi ya Ngaramtoni, siku ya gulio, kutoka kwa mtu mwenye kipaza sauti ambaye hana usharika, hana askofu, na kesho atakuwa Namanga.

Nimewahi kusimama nikamsikiliza mmoja wao, nimebeba kilo ya nyanya. Alijua Ufunuo kwa moyo. Alitaja vita, bei ya mafuta, mavazi ya wasichana. Akasema muda uliobaki ni mfupi sana, na wenye viwanja wajiulize wataviacha kwa nani. Mama mmoja muuza ndizi, bila kuinua macho kwenye mkungu wake, akamjibu kwamba yeye ataviacha kwa wajukuu. Watu wakacheka, mhubiri akahamia kwenye zinaa.

Kwa hiyo, wachungaji wa Dayosisi ya Kaskazini Kati, na wa makanisa mengine yote ya mlima huu: Novemba ijayo masomo hayo yakifika, yahubirini yote bila kuona haya. Hubirini mawingu na parapanda, hubirini makaburi yatakayofunguka huko kwenye migomba. Halafu fungueni barua ya pili kwa Wathesalonike, sura ya tatu, mwasomee watu polepole. Na kila mshiriki akimsikia mhubiri anayemtaka auze shamba kwa sababu Bwana yu karibu, amuulize kwanza, mbele ya mashahidi, shamba la mhubiri mwenyewe limeuzwa lini na kwa nani.